Vidato vya Baba

Baba alikuwa mtu wa maneno machache, lakini mara mbili kila siku alipiga kelele. Alisimama chini ya mnazi, akalipiga shina kwa kiganja, akainua uso na kuita, "Hodi ya juuu!" Neno la mwisho alilivuta mpaka likafika nyumba za upande wa Mishomoroni. Kisha alingoja. Kutoka ua huu na ule wanawake walimjibu. Mmoja alisema, "Haya, panda!" Mwingine alisema, "Ngoja kidogo, mgema, naoga!" Naye alingoja, mkono shinani, mpaka yule aliyekuwa akioga aseme, "Tayari."

Hiyo ilikuwa adabu ya kazi yake. Bafu zetu Kisauni zilikuwa nyua za makuti zisizo na paa, na mtu aliye juu ya mnazi huona mpaka ndani ya sufuria. Mgema asiyepiga hodi watu humhesabu mchunguliaji, hata kama hakutazama chini.

Alikuwa na minazi minane. Haikuwa yake, ilikuwa ya mzee mmoja Mwislamu mwenye shamba, ambaye tembo lenyewe hakulionja maisha yake yote, wala hakupenda kusimama karibu na kibuyu. Baba alitoka kwao nyuma ya vilima akiwa kijana, akaikuta minazi ile ndiyo kwanza inaanza kutoa makarara, yale mafumba ya maua yake, nayo ingali mifupi, mtu akiinua mkono anakaribia kushika kuti. Akapewa aigeme. Alioa akiwa anaigema, akanipata mimi akiwa anaigema, na miaka sita baadaye akampata dada yangu. Saba ilikuwa ndani ya shamba. Wa nane ulikuwa mbele ya mlango wetu, kiasi kwamba asubuhi kivuli chake kiliingia ndani mpaka kitandani.

Watu wasiojua hudhani mgema hupanda kuteka tembo na kushuka. Kazi yenyewe ni kuchonga. Karara la mnazi hufungwa lisipasuke, hukatwa ncha, na lile jeraha ndilo linalotoa tembo tone kwa tone ndani ya kibuyu. Jeraha hutaka kufunga. Basi asubuhi na jioni mgema hulichonga tena, ngozi nyembamba tu, ili lisisahau. Likiachwa siku tatu linakauka. Kwa hiyo baba hakuwa na Jumapili, wala Krismasi, wala siku ya homa. Siku aliyozaliwa dada yangu alipanda. Siku alipozikwa bibi yangu huko kwao alikwenda akarudi kwa miguu ili jioni apande.

Kifua chake kilikuwa na ngozi ngumu kama ya kisigino kwa kukumbatia miti. Nilipokuwa mdogo nikimlalia kilinikwaruza shavu, nami sikuondoka. Vidole vyake vya miguu vilikuwa vimetawanyika, kila kimoja na njia yake. Alivaa viatu Jumapili tu, na siku hiyo alitembea kama mtu anayepita kwenye miiba.

Alibatizwa ukubwani. Mwalimu wa kanisa alimwambia kwamba mtu wa tembo haikaribii meza ya Bwana. Baba hakubishana. Kila Jumapili alikaa benchi la mwisho karibu na mlango, na wenzake walipokwenda mbele, yeye aliitazama kofia yake magotini. Lakini kila Jumamosi mke wa mwalimu alimtuma mtoto na kikombe kuomba tembo tamu la kuumulia mikate. Baba alikijaza kikombe mpaka ukingoni. Mama alisema, "Hata leo?" Baba akasema, "Mikate haina kosa."

Mimi nilikuwa mtoto wa pembeni. Shuleni nilijua jibu lakini mkono haukuinuka. Wenzangu walipocheza kiwanjani, nilikaa chini ya mkorosho nikichora ardhini kwa kijiti. Jioni moja tulipokuwa tunakula, baba aliniuliza bila kunitazama, "Leo pia hukucheza?"

Nikashangaa. Alijuaje? Shule ilikuwa mbali na minazi yake. Mara nyingine alimwambia mama, "Mtoto wako ameangusha mtungi njiani, usimpige, alijikwaa." Na mara nyingine alimwambia dada yangu, "Ulilia nini saa ile?" Tulidhani mababa wote wanajua hivyo. Sikumwuliza. Mimi na baba hatukuwa watu wa kuulizana.

Sikufundishwa kugema. Nilipofika umri ambao wana wa wagema wengine hupewa kotama, kile kisu chao kilichopinda, nilimwambia mama aniulizie. Jibu likarudi kwa mama: "Mwambie asome. Huku juu hakuna mtu wa kuzungumza naye." Mama akaongeza kwa niaba yake mwenyewe, "Na wewe ukipanda huko, tutakusahau kabisa."

Vita vilikuwa vinaelekea kwisha. Malori ya askari yalipita barabara kuu, unga ulikuwa wa mahindi ya manjano ambao mama aliupika akigeuza uso, na nguo zilikuwa haba. Watu walikunywa zaidi kuliko zamani, na baba alipanda vile vile, asubuhi na jioni. Nilikuwa na miaka kumi na mitano, darasa la sita.

Siku moja nilirudi kutoka shule mchana nikamkuta amekaa chini ya mnazi wa mlangoni, mgongo shinani, miguu imenyooka. Hakuwa na kazi saa ile, kwa hiyo sikushtuka. Nikamwamkia, "Shikamoo, baba." Akaitikia. Nikaingia ndani, nikala, nikatoka, yungali pale.

"Baba, unapumzika?"

"Nimeshindwa kusimama," akasema, kwa sauti ile ile ambayo angesema mvua imenyesha.

Tulimwinua mimi na mama. Alikuwa mwepesi, na kifuani mwake kulikuwa na sauti kama ya maji yanayopita kwenye mchanga. Tulimlaza. Kwenye zahanati alipewa chupa ya dawa na kuambiwa asifanye kazi. Alirudi akaiweka chupa dirishani, akaitazama, akasema, "Minazi?"

Kesho yake mwenye shamba alikuja. Alikuwa mzee mpole, mwenye kanzu iliyofuliwa mpaka ikawa nyembamba kama utando wa kitunguu. Alikaa nje, hakutaka kumsumbua mgonjwa, akazungumza na mama kupitia mlango uliokuwa wazi.

"Mimi simfukuzi mtu, mwanangu. Wallahi simfukuzi. Lakini wewe wajua. Mnazi ukilala siku tatu jeraha lafunga, na kuna watu wanne wanangoja. Kesho kutwa ikifika haijaguswa, nitampa mwingine. Akiamka, inshallah, tutatafuta njia."

Sote tulijua kwamba baba akiamka akaikuta minazi ina mtu, kuamka kwake hakutakuwa na maana yoyote. Hakuwa na kitu kingine alichokijua.

Nilisema, "Nitapanda mimi." Nilisema polepole sana, mama akaniuliza, "Umesema nini?"

Ndani, kitandani, baba alisikia. Baadaye akaniita, akaniambia mambo matatu tu. Anza na mguu wa kushoto, maana ukianza na wa kulia utafika juu mkono wa kisu ukiwa upande wa mti. Chonga ngozi, usichonge nyama. "Na hodi," akasema. "Usisahau hodi."

Jioni ile nilikwenda shambani. Nilisimama chini ya mnazi wa kwanza, kotama ya baba kiunoni, kibuyu mgongoni. Nililipiga shina kwa kiganja. Nilifungua mdomo. Huku na huku kulikuwa na nyua, na moshi wa jioni, na sauti za watu, na wote wangegeuka wasikie sauti ambayo si ya baba. Nikaufunga mdomo. Nikajiambia, nitapanda upesi nitashuka, hakuna atakayeniona.

Nilikuwa nimefika katikati, nimeukumbatia mti na macho nimeyafumba, niliposikia ukelele chini yangu.

"We! Nani huyo juu kama kunguru? Mdomo huna?"

Alikuwa jirani yetu muuza vitumbua, ambaye kila siku alichukua kwetu tembo la kuumulia unga wake. Sikumwona. Nilikuwa nimefumba macho, naapa. Lakini nani angeniamini? Wanawake walitoka nyua zote. Kuli mmoja wa bandarini, mteja wa baba wa kila jioni, alisimama chini ya mti akicheka mpaka akashika magoti.

"Mwana wa mgema haogopi mnazi," akasema kwa nguvu ili wote wasikie, "anaogopa watu! Shuka, bwana mdogo, umekwisha kutuona sote, sasa ni zamu yetu kukuona!"

Nilishuka na ngozi ya kifua imebaki mtini. Mwenye shamba aliitwa. Alikuja, akanionyesha kwa mkono nisogee.

"Ndoo hapa. Baba yako miaka yote hii hajanifanya niitwe na mke wa mtu hata mara moja. Umepandaje bila hodi?"

Nikajipangusa damu kifuani.

"Hujui kuita?"

"Najua."

"Basi ita. Ita hapa, nisikie."

Niliita. Sauti ilitoka kama ya mtu aliyekabwa. Kuli akasema, "Hiyo hodi hata mjusi hakuisikia." Watu wakacheka. Nikaita tena, safari hii kwa hasira, na sauti ikapasuka katikati, nusu ya mtoto na nusu ya mtu mzima, ikaenda mbali. Ndipo yule muuza vitumbua, angali na kanga yake imefungwa upesi upesi na povu shingoni, akajibu kwa uchovu, "Haya, panda, mwanangu. Panda giza halijaingia."

Nilipanda. Mnazi wa kwanza ulinitesa kuliko yote. Vidato, yaani zile ngazi ambazo mgema hukata shinani kwa kisu, baba alivikata kwa kipimo cha mguu wake. Kutoka kimoja mpaka kingine palinifika juu ya goti, karibu na kiuno. Ilinibidi niukumbatie mti, nijivute kwa mikono, nitafute kidato kwa kidole cha mguu kama mtu anayetafuta kitu gizani. Nikasema moyoni, kumbe baba alikuwa anapiga hatua hizi siku zote, na jioni anarudi kukaa kama hakufanya kitu.

Lakini kadiri nilivyopanda ndivyo ilivyokuwa rahisi. Katikati ya mti vidato vilinifaa. Karibu na makuti nilikuwa napanda kama mtu anayepanda ngazi za kanisa. Nilifurahi. Nilidhani nimezoea, kwamba damu ya baba imeamka. Nikachonga makarara upesi upesi, nikashuka, nikaenda mnazi wa pili. Chini taabu, juu rahisi. Wa tatu vile vile.

Kwenye mnazi wa nne nilisimama juu, shavu langu kwenye shina, na furaha ikanitoka.

Mnazi hukua kwa juu tu. Kidato kilichokatwa chini hubaki pale pale kilipokatwa, hakisogei wala hakinyooki. Mti unapopanda, mgema huongeza kidato kipya juu ili afikie makarara. Kwa hiyo vile vya chini, vya hatua ndefu, vilikuwa vya siku ambazo baba hajaoa. Vya katikati vilikuwa vya utoto wangu. Na hivi vya juu, vilivyokaribiana mpaka mguu wangu mfupi ulivikuta bila kuvitafuta, vilikuwa vya juzi juzi. Sikuwa nimezoea. Yeye ndiye aliyekuwa amepunguza hatua.

Niliteremsha macho nikaviangalia kimoja kimoja. Vilianza kukaribiana polepole. Shubiri tatu. Shubiri mbili na nusu. Mbili. Miaka mingapi? Cha mwisho kabisa hakikuwa kimoja, vilikuwa viwili sambamba, kushoto na kulia, mahali pa kuweka miguu yote miwili na kusimama. Na mbele yake, usawa wa uso wa mtu, shina lilikuwa limesuguliwa likang'aa, duara kama sahani. Nilisogeza kichwa. Paji langu liliingia mahali pale. Alikuwa akisimama pale, akiegemeza kichwa kwenye mti, akingoja pumzi irudi. Kisha alichonga, akajaza kibuyu, akashuka, akasema, "Mikate haina kosa."

Hakumwambia mtu. Tulikula naye kila jioni na hatukujua.

Nikageuza uso nitazame nje nisilie, ndipo nikaona. Chini, mkonge wa Nyali ulikwenda mistari kwa mistari mpaka baharini, na upande wa pili kijito na kisiwa na moshi wa meli. Lakini karibu zaidi niliona njia yetu ya kuendea kisimani, yote. Niliona ua wetu, mama ameinama anafagia, mdogo kama kuku. Na kwa mbali, kati ya miti miwili, niliona kiwanja cha shule, na pembeni yake ule mkorosho.

Nilipofika nyumbani giza lilikuwa linaingia. Baba alikuwa amelala, uso umeelekea mlangoni.

"Umefika juu?"

"Nimefika."

"Yote minane?"

"Yote."

Mama alikuwa nje anachuja tembo. Baba akasema kwa sauti ya chini, "Basi umeona."

"Nimeona, baba."

"Mama yako hajui."

"Sitamwambia."

Akatikisa kichwa kidogo, akafumba macho. Hayo ndiyo mazungumzo marefu kuliko yote tuliyowahi kufanya mimi na yeye kuhusu yeye.

Nilipanda siku kumi na mbili. Asubuhi nilipanda kabla ya shule na nikachelewa, jioni nikapanda tena. Kifua changu kikachubuka, kikapona, kikachubuka. Hodi yangu ikapata sauti, na kuli wa bandarini akaacha kucheka, akawa ananijibu yeye mwenyewe kwa sauti ya kike, "Ngoja, mgema, naoga!" Hapo hata mimi nilicheka, juu ya mti peke yangu. Kila siku niliamini kwamba nikiishika minazi hai, baba ataamka. Niliamini na huku najua vile vidato vinavyosema. Mtu anaweza kuwa na vyote viwili moyoni.

Siku ya kumi na moja tembo lilikuwa kidogo. Kesho yake asubuhi likawa kidogo zaidi. Baba aliuliza, na mama akamwonyesha kibuyu. Akaniambia, "Niletee unachokata."

Nilikwenda chini ya mnazi wa mlangoni nikaokota vile vipande nilivyoviangusha asubuhi, nikamwekea kiganjani. Alivitazama. Alikishika kimoja kati ya vidole viwili.

"Hiki si ngozi," akasema. "Hiki ni kipande cha mkate."

Niliona aibu kuliko siku ya muuza vitumbua. Kwa hofu ya kule juu nilikuwa nachonga mara moja, kwa nguvu, nishuke. Karara ambalo baba angelichonga mwezi mzima, mimi nimelimaliza kwa siku kumi na mbili. Makarara yote yamebaki mafupi kama kidole. Niliyokuwa nayalinda nimeyala kwa mkono wangu.

"Nimeiharibu, baba."

"Umechonga kama mtu anayetaka kurudi nyumbani," akasema. Nilidhani ananikemea. Akaongeza, "Mimi pia nilichonga hivyo mwaka wa kwanza."

Akakohoa kwa muda mrefu. Mama akaja akamshika mgongo, akatulia. Kisha akasema mbele ya mama, "Kesho usipande. Nenda shule mapema."

"Itakauka."

"Ikauke. Mnazi hauli hasara. Ukiachwa kugemwa, unazaa nazi."

Mama alimtazama, kisha akanitazama mimi. Hakuuliza. Nafikiri ndipo alipojua, bila mtu kumwambia. Aliketi kitandani, akauchukua mguu wa baba, ule wenye vidole vilivyotawanyika, akauweka magotini pake akaanza kuukanda.

Kesho yake sikutii, au nilitii nusu. Saba ya shambani niliiacha. Lakini jioni nilisimama chini ya ule wa mlangoni. Mlango ulikuwa wazi na baba amelalia upande, anatazama nje. Nikalipiga shina kwa kiganja. Nikaita, "Hodi ya juuu!" na safari hii neno la mwisho nililivuta kama yeye.

Nilingoja. Muuza vitumbua hakujibu, wala kuli. Nadhani walisikia mnazi ni upi wakaacha. Kisha kutoka ndani, kwa sauti ndogo iliyokatika mara mbili, baba akasema, "Haya, panda."

Miaka yote alikuwa akiita, na hakuwahi kuwa yeye wa kujibu.

Nilipanda polepole. Juu niliweka miguu kwenye vidato viwili vya mwisho, maana kila mnazi ulikuwa navyo, nikachonga ngozi, nyembamba, kipande ambacho unaweza kuona jua kupitia kwacho, nikakiachia. Kilishuka kikizunguka, upepo ukakisukuma mpaka karibu na kizingiti. Nilimwona dada yangu akikiokota akimpelekea. Kutoka kule juu sikuuona uso wa baba, niliona mkono tu ukikipokea na kukiinua kuelekea mwangani. Ulikaa juu kidogo, kisha ukashuka.

Alifariki siku nne baadaye, asubuhi, watoto wanakwenda shule. Watu wa kwao walikuja, watu wa kanisa wakaja. Mwalimu alisema maneno mazuri juu ya bidii na upole. Walimzika, wakarudi makwao, na nyumba ikawa na nafasi kubwa. Jambo lililonisumbua zaidi halikuwa kitanda wala kofia yake. Ilikuwa ile saa ya jioni, ambapo wanawake nyuani walinyamaza kidogo kama wanaosikiliza, kisha wakaendelea.

Mwenye shamba aliitoa minazi saba kwa kijana mmoja kutoka kwao baba. Ule wa mlangoni alimwachia mama. Alisema, "Huu uacheni upumzike, mle nazi," akaenda zake upesi, kwa kuwa macho yake yalikuwa yamejaa.

Siku kijana yule alipokuja nilimpeleka shambani mimi, kumwonyesha. Alikuwa na mabega mapana na wepesi wa kucheka. Alipoona vidato vya chini alipiga mluzi.

"Huyu alikuwa na miguu ya twiga! Mtu huyu alikuwa dume."

Aliita hodi kwa sauti yake, wanawake wakamjibu wakichelewa kidogo. Akapanda kwa vidato vya baba kwenda kuangalia makarara. Chini alihangaika akicheka, katikati akapata mwendo. Alipofika juu alikaa sana. Niliinua macho nikamwona amesimama kimya, uso umeelekea shina.

Aliposhuka hakucheka. Alijipangusa mikono kwa muda mrefu.

"Alikuwa babako?"

"Ndiye."

"Alipanda mpaka lini?"

"Mpaka siku ile aliyokaa chini."

Akatikisa kichwa. Hakuniambia pole, alisema tu, "Mimi nitakata vyangu upande wa pili." Akauzunguka mti, akalipiga shina kwa kiganja, akaanza kukata, akianzia chini kabisa. Vile vya baba hakuvigusa.

Hivi sasa nimeacha shule, nafanya kazi ya kufagia na kupeleka barua katika ofisi moja kisiwani, na jioni narudi. Bado si mtu wa maneno. Haya nimeyaandika mstari mmoja leo na mwingine kesho, maana mkono wangu ni mzito.

Mnazi wa mlangoni unazaa. Nazi zikikomaa huanguka zenyewe, na mama huzikunia mchuzi. Hakuna anayepanda. Mti unaendelea kukua, na kutoka vile vidato viwili vya mwisho mpaka makuti yanapoanzia, sasa pana urefu wa mtu mzima.